Iringa hadi Tukuyu: watoto wanajua njia ya chuo inakatikia wapi

Tumerudi nyumbani, vumbi la Kitulo limeshafuliwa kwenye nguo, na sasa nimekaa na daftari, picha za simu na bunda la karatasi za watoto. Naandika siku kwa siku kama nilivyokuwa nikinukuu njiani. Nyuso za watoto sikupiga picha, majina yao sikuandika, na shule sizitaji. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana na wazazi na walimu.

Kilichotutoa Iringa ni hiki. Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana hutujia Kihesa, hapa Iringa mjini, tuwasaidie kuomba chuo na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Yupo anayekuja na alama za kujivunia halafu anakwama kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Tunahangaika naye, wapo wanaofanikiwa, wapo ambao mwaka unawapita. Lakini hao wameshafika mlangoni. Wale waliomaliza nao darasa la saba, kijiji kimoja, dawati moja, wako wapi? Mwenzangu, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, alisema jibu hilo hatulipati kwa kukaa mjini. Tukapanga kuwafuata watoto wenyewe, wa darasa la sita hadi kidato cha tatu, tuwasikilize kabla hawajafikia umri wa kutujia na mafaili.

Jumapili, Iringa mjini

Siku ya maandalizi. Rimu ya karatasi 13,000, kalamu za rangi za kugawana, kopi za barua. Zoezi letu lilikuwa rahisi: kila mtoto apewe karatasi tupu, achore njia inayotoka kwao kwenda chuoni, na kila anachoona kinaziba njia hiyo akichore au akiandike. Asiandike jina, aandike darasa tu na kama ni msichana au mvulana.

Kwa atakayetaka kufanya kama sisi: usiingie shule yoyote bila barua ya ofisi ya elimu ya halmashauri husika. Tuliziomba mapema, kila wilaya kivyake, na bado mahali pengine tulikaa kwenye benchi nusu siku. Beba kopi nyingi, maana kila ofisi hubaki na yake. Na mwalimu mkuu akitaka akae ndani wakati watoto wanachora, mwombe kwa heshima akae nje. Anachosema mtoto mwalimu akiwepo si kile anachosema mwalimu akiwa hayupo.

Jumatatu, Ilula

Kosta kutoka stendi ya Igumbilo, 3,000. Kilomita kama 45 kurudi upande wa Morogoro, na ukikaribia unaona nyanya kabla hujaona nyumba: matenga yamepangwa kando ya lami, vijana wanapakia malori ya Dar.

Iringa mjini kuna Mkwawa, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Ruaha Katoliki. Vyote viko chini ya saa moja na nusu kutoka madawati tuliyoyakuta Ilula. Tuliuliza nani amewahi kuingia hata kimoja. Mkono haukunyanyuka hata mmoja. Binti wa darasa la saba akasema taratibu, "Chuo ni cha watoto wa walimu na wa manesi." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza mpaka wa shamba uko wapi.

Karatasi za kidato cha pili ndizo zilizonishika. Nyingi zilikuwa na mto, na juu ya mto imeandikwa "Kiingereza". Kijana mmoja alichora daraja lenye mbao saba, kisha likakatika katikati. Alipoulizwa, akasema mbao saba ni shule ya msingi. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka. "Mwalimu anafundisha kwa Kiswahili ili tuelewe, mtihani unakuja kwa Kiingereza. Jibu ninalo kichwani lakini halitoki." Mwenzangu, aliyefundisha maisha yake yote, aliinama akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu.

Jambo la pili ni nyanya zenyewe. Msimu ukifika, siku za kuchuma watoto hawaonekani darasani, na walisema wazi kwamba daftari na kalkuleta vinatokana na vibarua hivyo hivyo. Anayekwenda shambani anakosa vipindi, na asiyekwenda anakosa kalkuleta.

Chakula cha mchana kwa mama mmoja karibu na soko: wali maharage na mchicha, 2,500. Aliposikia tunachofanya akakataa hela ya chai. "Mimi niliishia la saba. Waulizeni vizuri hao watoto, msije mkawauliza haraka haraka." Tulilirudia neno lake kila kituo.

Jumanne na Jumatano, Mafinga

Iringa mpaka Mafinga 5,000, barabara nzuri, hakuna cha kusimulia. Baridi ndiyo inayokupokea. Gesti 20,000 na maji ya moto ya ndoo. Ulizia ndoo kabla hujalipa, si zote wanazo.

Jumatano tukachukua bodaboda hadi kata moja pembezoni mwa msitu wa Sao Hill, 8,000 kila mmoja. Misonobari pande zote, na malori ya magogo yanakuja yamelemewa. Huku kizuizi walichochora wavulana kina bei. Kubeba mbao siku moja ni 7,000, na mtoto wa kidato cha tatu anayejua kupanga mbao anaitwa kazini kwa simu ya jirani. "Madamu, chuo ni baada ya miaka mitano. Mbao ni leo jioni."

Wasichana walikuwa na jambo lao, na hapa nataka nikae kidogo.

Shule ya kata iko mbali na vitongoji vyao, bweni lililopo halitoshi, kwa hiyo wanapanga geto. Geto ni chumba kimoja cha kukodi kijijini karibu na shule. Wanaishi wawili au watatu, umri miaka 14, 15, wanajipikia, wanajilinda. Binti mmoja alinionyesha ukurasa wa mwisho wa daftari lake la jiografia. Amepiga mistari kwa kalamu nyekundu, kwa rula, nadhifu kabisa: chumba 10,000, kuni 4,000, mafuta na chumvi 5,000, sabuni 2,000, kusaga 2,000. Jumla 23,000 kwa mwezi. Unga na maharage vinatoka nyumbani, havikuandikwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, mwezi wa tano amekwangua 10,000 ya chumba na kuandika "deni". Nikamuuliza deni la chumba linalipwaje. Akafunga daftari. Mwenzake akajibu kwa niaba yake: "Kuna watu wanajitolea kulipa. Ndiyo maana wengine hawapo tena darasani."

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 kwa shule za msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, na 2022 ikapandishwa hadi kidato cha tano na sita. Ni jambo kubwa, na wazazi wanalisifu kwa haki. Lakini geto halimo kwenye ada. Mtoto huyu hakuzuiwa na ada ya chuo kikuu; amezuiwa na 10,000 ya mwezi wa tano. Watu wazima tuliozungumza nao wote walisema kikwazo ni "hela". Watoto nao walisema hela, ila wao walitaja ni hela ipi, kiasi gani, na mwezi gani.

Tuliuliza pia kuhusu waliopata ujauzito. Walikuwa wanajua kwamba siku hizi mtu anaweza kurudi shule baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo ilitangazwa Novemba 2021. Walichosema ni kwamba ruhusa ipo, mlezi wa kubaki na mtoto mchanga hayupo, na geto ni lile lile.

Jioni mama mwenye gesti alituletea jiko la mkaa chumbani bila kuombwa, akaacha mlango wazi mpaka mkaa ukawaka vizuri, kisha akalitoa tulipotaka kulala. Usilale na jiko ndani, hata baridi ikuume vipi.

Kwa walimu wa kidato cha nne wanaosoma hapa: hakuna mtoto hata mmoja aliyetuambia kwamba anajua unaweza kufika chuo kikuu kupitia stashahada. Kwao kuna kidato cha tano au hakuna kitu. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani za kipaumbele. Waambieni mapema.

Alhamisi, Mafinga hadi Makete

Mafinga–Makambako 5,000. Makambako tulikaa kusubiri gari lijae, tukala supu na chapati, 4,000. Makambako–Njombe mwendo mfupi. Njombe mvua ya rasharasha na salamu ya "kamwene" kila kona. Ukiitikia kwa lugha yao hata bei ya parachichi inashuka. Njombe–Makete 9,000, lami kilomita 107, mazingira ya kupendeza lakini kona hazikupi nafasi ya kulala.

Tulifika giza limeingia. Gesti ya kwanza imejaa, ya pili imejaa: kulikuwa na semina ya watumishi. Kijana wa bodaboda alitupeleka kwa shangazi yake, tukalala kwenye chumba cha wageni, blanketi tatu kila mtu. Asubuhi tulipotaka kulipa, yule shangazi akapokea 10,000 tu baada ya kubembelezwa, na akatufungia viazi vya kuchemsha vya njiani.

Ijumaa, Makete

Siku hii sijaizoea hata sasa ninapoandika.

Njombe ni mkoa unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha asilimia 12.7 ya watu wazima. Makete, wilaya ya mkoa huo, waliumizwa mapema na waliumizwa sana. Watoto wengi wanalelewa na bibi. Tulijua hayo kabla hatujaondoka Iringa, lakini kuyaona kwenye karatasi ya mtoto wa darasa la sita ni kitu kingine. Alichora nyumba, mti, njia, halafu makaburi mawili katikati ya njia. Juu akaandika: "vyeti vya baba na mama".

Nilidhani anazungumzia huzuni. Mwalimu wake akanifafanulia, na baadaye bibi yake pia. Kaka wa mtoto huyo alifaulu kidato cha sita. Kuomba mkopo kama yatima kunahitaji vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Baba alifia Mbeya, mama alifia nyumbani, na hakuna aliyeandikisha. Kaka akaomba bila vyeti, akakosa, akaenda Makambako kutafuta maisha. Mdogo wake aliona yote hayo akiwa na miaka tisa. Ndiyo maana kwenye ramani yake wazazi wamelala katikati ya njia ya chuo.

Tulikaa na bibi kibarazani. Shikamoo nyingi, chai ya maziwa, ukimya. Akasema, "Wanangu niliwazika mwenyewe, kijiji kizima kilikuwepo. Sasa nani hajui kwamba wamekufa?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima aliyezika watoto wake. Kulikuwa na kazi ya kufanya tu. Tukaenda naye kwa mtendaji wa kijiji, mtu mwema sana, akaandika barua papo hapo na kutaja mashahidi waliohudhuria mazishi. Kifo ambacho hakikusajiliwa kwa wakati bado kinaweza kusajiliwa, na kazi hiyo inafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kama ilivyo kwa cheti cha kuzaliwa. Wenye wajukuu yatima, msingoje mtoto afike kidato cha sita. Fanyeni akiwa darasa la nne, mashahidi wakiwa hai na kumbukumbu zikiwepo. Na kama kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tunzeni namba ya kaya. Fomu ya mkopo inaiulizia.

Jumamosi, Makete hadi Matamba

Gari la Matamba tuliambiwa linaondoka saa mbili asubuhi. Liliondoka saa tano na nusu. Nauli 12,000, watu wamepakiwa hadi pumzi inahesabiwa. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya meta 2,600 juu ya bahari, na Julai hakuna maua. Anayetaka maua aje kati ya Desemba na Machi. Sisi tulikuta majani ya kahawia, upepo, na ng'ombe wa shamba la serikali kwa mbali.

Katikati ya uwanda tairi likapasuka, na la akiba nalo halina upepo. Tulisimama saa mbili. Likatokea lori la viazi, dereva akashuka, akatoa pampu yake, akafanya kazi na konda wetu mpaka mikono ikawa myeusi. Alipogundua tunakwenda kwa ajili ya watoto wa shule akatupandisha mimi na mwenzangu mbele, kwa sababu lori lilikuwa linatangulia. Akatusimulia njia nzima kuhusu binti yake wa kidato cha kwanza anayetaka kuwa daktari, na akauliza swali ambalo nililiandika jinsi lilivyo: "Nianze kumwekea hela ya nini kwanza?" Mwenzangu akamjibu: kalkuleta, kamusi, na cheti cha kuzaliwa. Hela ya nauli yetu aliikataa kabisa.

Vaeni makoti. Bebeni maji na chakula. Mtandao wa simu unapotea sehemu kubwa ya njia.

Jumapili, Matamba

Baada ya ibada watoto walibaki na wazazi wao kwenye ukumbi. Ni kituo pekee ambapo tuliwakalisha watoto na wazazi pamoja, na sikutegemea kama ingefaa. Ilifaa. Binti wa kidato cha pili alisimama akasema ana majina matatu: la kadi ya kliniki, la ubatizo, na la shuleni. La shuleni liliandikwa na mjomba aliyempeleka kuanza darasa la kwanza. Akaweka jina lake mwenyewe kama jina la baba. Jina lililoandikwa shule ya msingi ndilo linalosafiri mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne, na huko likishachapwa limechapwa. Baba mzazi alikuwepo pale ukumbini. Hakuwa anajua. Akainuka, akamwambia mwanaye mbele ya watu wote, "Kesho nakuja shuleni, mwanangu."

Baada ya hapo ukumbi mzima ukaanza kuulizana majina. Tuliahirisha kuchora.

Wasichana waliobaki mwishoni walitueleza la kwao wenyewe: ukimaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa, kuna mtu atakuja kutoka mjini kutafuta msichana wa kazi. Mikoa yetu hii inajulikana kwa hilo, Dar nzima inajua. Mmoja akasema dada zake wawili wameondoka hivyo, na yeye anaogopa kufeli kwa sababu anajua gari litakalomchukua.

Jumatatu, Matamba hadi Igurusi

Tuliteremka Chimala kwa ile barabara ya kona 57, 7,000. Aliyezoea haogopi, mimi nilifumba macho kona nyingi. Ukifika chini hewa inabadilika ghafla, makoti yanavuliwa, na mbele yako ni Usangu yote ya mpunga.

Igurusi ni mkoa wa Mbeya, na hapa tofauti moja ilinipa moyo. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa karibu na kwao, bila malipo, ulianza mkoani Mbeya mwaka 2013. Iringa na Njombe walifuata baadaye. Watoto wa kidato cha tatu tuliowakuta walikuwa bado wadogo wakati ule. Tulipouliza nani ana cheti, mikono mingi ilipanda, kuliko tulikotoka kote. Kwenye karatasi zao cheti hakikuonekana kama kizuizi. Walichora hisabati, walichora kukosa mwalimu wa fizikia, walichora maji ya mpunga. Lakini ukuta ule wa Makete haukuwepo. Kikwazo kilichoondolewa mtoto akiwa mgongoni kwa mama hakimsumbui tena akiwa na miaka 16.

Wali wa Igurusi na kuku wa kienyeji, 6,000. Kuleni hapo.

Jumanne, Mbeya mjini

Igurusi–Mbeya 4,000, tukashukia stendi ya Nane Nane. Gesti za Mwanjelwa zina kelele. Tulilala Soweto, 25,000.

Tulikutana na watoto wa mtaa mmoja unaopakana na chuo. Mbeya haikosi vyuo: kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kuna Mzumbe, kuna Teofilo Kisanji, kuna Katoliki. Nilitarajia hawa wawe na habari zaidi ya wenzao wa Ilula. Wanazo, lakini za uzio. Kijana wa kidato cha kwanza huwauzia wanachuo chapati kila asubuhi; anajua siku bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka kwa jinsi chapati zinavyokwisha. Ndani hajawahi kufika zaidi ya getini.

Na hawa walikuwa na jambo ambalo wa vijijini hawakulitaja sana. "Kaka yangu ana digrii, anaendesha bajaji Kabwe. Mama anasema hela yake ilipotea." Darasa likanyamaza, kisha watatu wakasema na wao wana kaka au dada kama huyo. Hiki ni kizuizi kizito kuliko vyote nilivyoviona, maana mtoto anaweza kuvuka Kiingereza na kupata cheti, halafu asione sababu ya kwenda. Mwenzangu hakuwaahidi ajira. Aliwaambia ukweli kwamba soko ni gumu, kisha akawauliza kila mmoja anapenda kufanya kazi gani, na wakaandika ubaoni fani, masomo yanayohitajika na njia za kufika. Walijaza ubao wote. Hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba kuingia shahada kunahitaji ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi usiopungua pointi 4, yaani hata D mbili. Walidhani lazima uwe wa divisheni ya kwanza. Kozi nyingi zinadai zaidi ya hapo, na ushindani upo, lakini ule mlango wanaouona umefungwa kwa kufuli haujafungwa.

Msichana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono mwisho kabisa. "Kwa nini watu wa chuo huja kutuonyesha chuo tukiwa tumeshafika kidato cha sita? Waliofeli kidato cha pili wao hawakutakiwa kukiona?"

Mwanachuo mmoja, mgeni kabisa kwetu, alikuwa amesimama dirishani akisikiliza. Alijitolea kuwaombea ruhusa getini, akaipata, akawatembeza watoto nusu saa kabla jua halijazama: karakana, maktaba, bweni. Yule wa chapati alitaka kujua maktaba inafungwa saa ngapi.

Jumatano, Tukuyu

Daladala kutoka Uyole, 5,000, mvua njia nzima; Rungwe haina Julai kavu. Kiwira tulinunua ndizi za njiani, na Tukuyu tukapikiwa ndizi za mbalaga na maharage. Beba mwamvuli hata ukiambiwa ni kiangazi.

Hapa nina karatasi moja tu ya kuieleza, nyingine zinafanana na za kwingine. Ni ya binti mwenye uoni hafifu, kidato cha kwanza, ambayo haina njia. Ina ubao mweusi uliojaa ukungu, basi. Anakaa dawati la tatu kwa sababu la mbele ni la wafupi. Hakuwa anajua kwamba Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wa aina yake. Mwalimu wake wa darasa alijua, ila hakujua kwamba binti huyo haoni vizuri. Alikuwa amemwandika mzembe. Tuliwakalisha pamoja, na kabla hatujaondoka dawati lilikuwa limesogezwa mbele, na mwalimu ameandika barua kwa mzazi ampeleke mtoto kupimwa macho. "Ndaga fijo," yaani asante sana, mama yake alituambia kwenye simu, akarudia na kurudia.

Alhamisi, kurudi

Mbeya–Iringa 20,000, tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ya malori Inyala, mchana Makambako, jioni nyumbani.

Tuliyopanga ni haya. Karatasi za kila wilaya tunazipeleka kwa afisa elimu wake, zikiwa na muhtasari wa ukurasa mmoja, maana walisema watazisoma zikiwa fupi. Za Mafinga zimetangulia, pamoja na ombi la wasichana kuhusu bweni na hesabu ya 23,000 kama ilivyo daftarini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Yule bibi wa Makete ameshapata tarehe ya kwenda wilayani, na mjukuu wake wa Makambako amepigiwa simu. Dirisha la mkopo bado liko wazi.

Matamba tunarudi Novemba, mitihani ya kidato cha pili ikimalizika, kwa ajili ya majina. Tunahitaji mtu anayejua kujaza fomu za usajili wa kuchelewa, na gari linaloweza barabara ile wakati wa mvua. Mwenye nafasi aniandikie.